Vipimo vya Pacha wa Kaskazini

Katika jiji hili nimeshona kila kinachoshonwa: sare za shule, majoho ya kwaya, magauni ya harusi ambazo nyingine hazikumaliza hata mwaka. Nguo ya maiti nilikuwa sijawahi kuagizwa. Kwetu sanda si kazi ya fundi. Ni kitambaa cheupe, mkasi na dua, na anayekata ni mtu wa msikitini. Kwa hiyo siku bibi mmoja wa Kikorea alipopanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwenye chumba chetu cha ushonaji hapa Doornfontein, Johannesburg, akaweka mzigo mezani na kusema anataka nimshonee nguo ya kuzikiwa, nilimgeukia mwanawe nikisubiri aniambie mama anatania.

Mwanawe alikuwa anatazama sakafu. Mtu mwenyewe ni wa makamo, anauza nywele za bandia kwa jumla mitaa miwili kutoka kwetu, na wasusi wote wa Kikongo wanamfahamu. Mimi namshonea makoti ya wafanyakazi wake. Alinieleza kwa aibu kwamba mama yake amepita miaka themanini, kwamba anakaa naye Midrand, na kwamba kwao ni desturi mzee kujiandalia nguo hizo mapema. Wengine husema kufanya hivyo kunarefusha maisha. Siku hizi zinauzwa tayari madukani huko Seoul, lakini mama amekataa katakata, kwa sababu zinashonwa kwa mashine.

Bibi hakumngoja amalize. Alikunjua kitambaa. Kilikuwa cha nyuzi za mmea, kigumu kidogo, rangi ya majani makavu, na mimi niliyezaliwa Tanga kati ya mashamba ya mkonge nilikipenda mara nilipokishika. Akanipa masharti yake kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama changu. Kila kitu kishonwe kwa mkono. Uzi usifungwe fundo, si mwanzoni wala mwishoni. Na sindano isirudi ilikotoka. Iende mbele tu mpaka mshono uishe. Fundo moja, alisema, linamfunga njia yule anayeondoka.

Baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akinichapa vidole kwa rula kila niliposahau fundo. Nusu karne ya vidole vyangu ilikuwa inaniambia bibi huyu hajui anachosema. Lakini nilipomtazama mikono nikaona alama za sindano zilizozeeka kwenye ncha za vidole, nikajua anajua kuliko mimi. Nikakubali.

Fundi ninayeshiriki naye chumba ni Mkongo wa Bukavu, hodari wa suti, mwoga wa mambo ya makaburi. Walipoondoka tu, alisimamisha cherehani yake.

"Dada, ile kazi mi siwezi hata kuigusa," akasema. "Unashona nguo ya kufa, na mwenyewe iko anapumua? Non. Kwetu ni kuita kifo kwa jina yake."

Nilimwambia hakuna aliyemwomba aiguse, ashone suti zake. Hata hivyo Ijumaa ile, baada ya swala kule Mayfair, nilimuuliza mwalimu wa madrasa, akaniambia riziki ya fundi ni sindano na nguo haina dini. Nikarudi kazini na moyo mweupe.

Bibi alikuwa akija kila Jumatano. Mwanawe alimleta asubuhi, akamfuata baada ya chakula cha mchana. Alikaa dirishani kwenye kiti changu kizuri na kushona pamoja nami, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi: koti fupi, sketi, suruali ya ndani, soksi za kitambaa, vifuko vya mikono, na kitambaa cha kufunika uso. Akaniambia nimwite Bibi, maana amesikia wasusi wa dukani wakiwaita wazee hivyo. Yeye aliniita Fundi. Jumatano ya kwanza nilifunga mafundo matatu bila kujijua, na yeye akayakata yote matatu bila kuinua kichwa.

Jumatano ya pili ndipo aliponiambia kwamba nguo ni mbili. Ya pili ni ya pacha wake.

Nilimuuliza pacha wake yuko wapi nikampime. Akanyoosha sindano kuelekea dirishani, upande wa kaskazini, kana kwamba pacha anakaa ng'ambo ya reli.

Walizaliwa, aliniambia, katika kijiji cha milima ambacho sasa kiko Korea ya Kaskazini. Vita vilipowafikia, wasichana hao wawili walikuwa na miaka minane. Baba yao aliamua wakimbilie kusini kwa miguu, katikati ya baridi kali. Lakini usiku wa kuamkia safari pacha mmoja alishikwa na homa. Wakakubaliana baba atangulie na mzima, mama abaki na mgonjwa, homa ikishuka wawafuate baada ya siku tatu. Bibi alikuwa ndiye mzima. Barabara ilikatwa nyuma yao kabla ya siku tatu kuisha. Vita vikasimama, mpaka ukachorwa, na tangu hapo hakumwona tena mama yake wala pacha wake, hakupata barua, hakujua hata kama homa ilishuka.

Nikamwambia pole, neno ambalo Kiingereza hakina.

Nilimuuliza basi vipimo. Akajibu haraka, "Sawa na mimi. Tulikuwa tunavaa nguo moja kwa zamu." Nikapima mwili wake, nikaandika mara mbili.

Jumatano iliyofuata aliniambia nifute. Alikuwa amelala akifikiri. Ya pacha ipunguzwe vidole vinne kila upande, kwa sababu huko watu wameshinda na njaa. Wiki moja baadaye akataka niirudishe ilivyokuwa, tena niongeze: huenda dada yake aliolewa na ofisa, huenda anaishi katika mji mkuu wao, mahali ambapo, alisema, hawaruhusiwi kukaa ila watu safi wa chama, na hao wanakula. Wiki nyingine pacha akarudi milimani kuchimba mizizi, akapungua. Ilikuwa hivyo wiki tano. Kila Jumatano nilipewa mwanamke mwingine wa kumshonea, na mimi si mtu wa subira. Nikamwambia, "Bibi, kitambaa si unga, sitakikanda upya kila wiki." Akacheka huku amefunika mdomo kwa mkono, halafu akalia. Nilijuta kusema.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hazungumzii nguo. Alikuwa hana njia nyingine ya kumfikiria dada yake ila kwa kumpima.

Alinisimulia habari ambazo mimi, mtu wa magazeti ya kufungia maandazi, sikuwahi kuzisikia. Nilidhani tangu mwanzo Kusini ni shibe na Kaskazini ni njaa. Akasema la, mwanzo ilikuwa kinyume. Viwanda na umeme vilikuwa Kaskazini. Kusini, yeye na baba yake waliishi katika kibanda cha mbao za makasha, wakila uji wa msaada wa wageni. Alipokuwa msichana alikuwa akijifariji usiku kwamba pacha wake anasoma bure, amevaa viatu, na mama anapika wali. Kwa miaka mingi alimwonea wivu. Baadaye akaajiriwa kiwandani Seoul, kushona nywele za bandia zilizopelekwa ng'ambo, unywele mmoja mmoja, kuanzia alfajiri hadi jicho likatae. Kulikuwa na wanajeshi madarakani, kulikuwa na saa ya kutotoka nje, na kulikuwa na mambo ambayo hukuyasema mbele ya jirani. La kwanza kati ya hayo ni kwamba una ndugu Kaskazini. Mtu mwenye ndugu kule alishukiwa. Kaka wa rafiki yake alinyimwa kazi ya serikali kwa ajili ya mjomba ambaye hajawahi kumwona.

"Na huko kwao ni vilevile," alisema. "Mwenye ndugu aliyekimbilia Kusini ana doa kwenye faili lake. Anapelekwa milimani, anakuwa wa mwisho kupewa chakula. Kwa hiyo mimi ni doa lake, na yeye ni doa langu."

Alilisema hilo huku akiendelea kushona, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Halafu mambo yakageuka. Kusini kulijengwa, mashamba yakawa maghorofa, yeye akaolewa, akapata nyumba yenye maji ya moto na friji mbili, moja ya kabichi ya kuchachushwa peke yake. Kaskazini taa zikazimika. Watu wakaambiwa wana furaha kuliko wote duniani na wakatakiwa waimbe hivyo. Serikali za pande mbili zilipokubaliana kukutanisha jamaa kwa siku chache, majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na Bibi akajiandikisha. Jina lake halikutoka. Akahamia Johannesburg kwa mwanawe na bado hakulifuta. Sasa hata mikutano hiyo imekoma.

Mimi nami nilimpa changu, kwa sababu si vizuri mtu mmoja avuliwe nguo peke yake. Nilimweleza kwamba kijiji chetu kiko karibu na Horohoro, na kwamba nilipokuwa mtoto mpaka wetu na Kenya ulifungwa kwa miaka kadhaa. Mama yangu alikuwa upande wa Tanzania, mama yangu mdogo ameolewa upande wa pili, karibu na Lunga Lunga, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Sisi tulikuwa na ujamaa, shule ya bure na foleni ya sabuni. Wao walikuwa na maduka yaliyojaa, na watu wasio na hata kipande cha ardhi wakitazama maduka hayo kwa nje. Sisi tuliambiwa wale wanakulana. Wao waliambiwa sisi hatuna hata cha kulana. Watoto tuliimba matusi hayo kwenye mpaka huku shangazi na binamu zetu wako ng'ambo, na sisi tukiona raha. Mama alipita njia za panya kupitia mashamba ya minazi kumwona mdogo wake, akirudi na sukari kwenye mkunjo wa khanga, na siku aliyokamatwa alikalishwa juani mchana kutwa na mgambo aliyekuwa mtoto wa jirani. Mama mdogo alipofiwa na mumewe, tulipata habari baada ya arobaini kupita. Mama hakulisamehe hilo mpaka anaingia kaburini.

Bibi aliniuliza mpaka ulifunguliwa lini. Nikamwambia nikiwa msichana mkubwa. Akauliza kama mama na mdogo wake walikutana. Nikasema walikutana, wakagombana siku ya pili yake kuhusu sufuria. Akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau, akasema, "Sufuria," akarudia tena, kama mtu aliyeambiwa habari za peponi. Niliona haya.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya Jumatatu, mwanawe alikuja peke yake. Alimngoja mwenzangu atoke kununua vifungo, kisha akatoa simu. Alinieleza kwamba kwa siri amekuwa akimtumia pesa mtu mmoja aliyeko China, anayejua kupenyeza habari mpakani. Baada ya mwaka mzima wa kungoja, jibu limekuja, na picha. Pacha alikufa zamani, katika njaa kubwa ya Kaskazini ya miaka ya tisini; mwaka wenyewe ulitajwa. Aliyetoa habari ni mwana wa marehemu. Homa ile ya utotoni ilishuka siku ya pili, aliandika. Bibi yake mzaa mama, yule aliyebaki na mgonjwa, alikuwa akiisimulia kila msimu wa baridi. Mama yake, yaani pacha, alizikwa katika turubai.

Nikaiangalia picha. Ilikuwa picha ya picha, yenye mikunjo. Mwanamke amesimama mlangoni, mikono imenyooka ubavuni, hatabasamu. Uso ulikuwa wa Bibi kabisa, hata pembe ya kushoto ya mdomo inayoshuka. Ila komeo la mlango, ambalo kwa mtu mzima hukaa kiunoni, kwake lilikuwa karibu na kifua. Fundi hawezi kutazama mtu bila kumpima. Kabla sijajizuia nilikuwa nimeshajua mabega yake, urefu wake, upana wake, na kwamba kati ya watoto wawili waliovaa nguo moja kwa zamu, mmoja alikua na mwingine alizuiwa kukua.

Mwanawe alinisihi nisimwambie mama. Moyo wake ni mgonjwa, daktari ameonya. Mwache ashone, alisema, mwache awe na dada mpaka mwisho. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi ni fundi wa nguo, si kabati la siri za watu, na kwamba ananitwisha mzigo wa nyumbani kwake. Alisimama tu pale, jitu zima lenye duka, machozi yanamtoka. Basi nikakubali. Nilikubali kwa hasira, na kitu kinachofanywa kwa hasira hakifanywi kwa makini.

Siku ileile nikakata nguo ya pacha. Wiki tano nilikuwa naikwepa, na sasa nilitaka itoke mezani kwangu. Sikupiga hata chaki mara mbili. Niliona mwili ule ulipo, nikakata, nikaunganisha mbavu na mikono, nikaning'iniza. Mwenzangu aliitazama akadhani ni ya mtoto.

Jumatano Bibi akaja, akaiona. Hakukaa. Aliichukua, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavu kuanzia kwapani hadi chini. Nikaona kidole kinasimama, kinarudi juu, kinashuka tena polepole.

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Fundi yeyote anaposhona nguo ya mtu huacha akiba ndani ya mshono, vidole viwili au vitatu vya kitambaa vilivyojificha, kwa sababu mtu hunenepa, huzaa, hupata nafuu baada ya ugonjwa, na nguo itahitaji kuachiwa. Hilo halifikiriwi, mkono wenyewe huacha. Nguo ya Bibi niliiachia vidole vitatu ingawa ni ya kaburini, kwa kuwa Bibi alikuwa hai mbele yangu na anakula maandazi yangu. Kwenye ya pacha, mkono wangu ulikuwa umekata sawasawa na mwili, bila kuacha kitu. Mdomo ulikuwa umefungwa, mkasi ukasema.

"Nani amekupa vipimo vyake?" akauliza.

Nilisema nimekadiria.

"Wiki tano hukuweza kukadiria." Akanionyesha mshono. "Na humu ndani hukuacha kitu. Mtu anayekula, fundi humwachia."

"Bibi, muulize mwanao."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekata."

Mwenzangu alizima cherehani yake. Nilimketisha Bibi kwanza, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na homa iliyoshuka siku ya pili, na turubai. Picha sikuwa nayo, nikamweleza ilivyo, mlango, komeo, pembe ya mdomo. Niliogopa moyo wake utasimama palepale kwenye kiti changu na mimi nitakuwa nimemuua. Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayepokea hesabu ya vifungo, akaniuliza ni mwaka gani. Nikautaja.

Robot, ile taa ya magari pale chini, ilibadilika mara kadhaa. Nilikuwa nasikia magari yakisimama na kuondoka. Ndipo akasema, kwa Kiingereza chake, taratibu, ili nisipoteze neno:

"Mwaka huo daktari aliniambia nimenenepa. Kila asubuhi nilikuwa nakimbia kando ya mto, pamoja na wanawake wa ghorofa letu. Nilikuwa nakimbia ili nipungue."

Mtu anaweza kukaa akapanga nchi mbili kwenye mizani, hii iliwapa watu hiki, ile iliwanyima kile, hii ilidanganya hivi, ile ilidanganya vile, na huenda akasema kweli tupu. Mimi ninachokijua ni wanawake wawili wa tumbo moja, katika mwaka mmoja, mmoja akikimbia ili mwili uishe na mwenzake mwili ukimwishia bila kukimbia. Na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake ila kwa homa ya usiku mmoja.

Nilianza kumwomba msamaha. Nikamwambia nitaitengeneza upya nguo ya dada yake, nitaipanua iwe kama yake, kama alivyotaka siku ya kwanza. Alitikisa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Alijua kwamba nguo isiyoachiwa akiba haipanuki, na kitambaa kilikuwa kimekwisha, kililetwa kutoka kwao kwa kipimo.

"Lete yangu," akasema.

Niliileta. Ilikuwa imebaki kola tu.

"Ikate iwe kama hii."

Nilikataa. Nilimwambia haitamtosha, kwamba hata desturi yake mwenyewe aliyonifundisha inataka nguo hizi ziwe pana ili wanaomvisha wasihangaike. Nilimwambia dada yake hangetaka hivyo. Hilo la mwisho lilimkasirisha, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika. Alisema mimi simjui dada yake. Alisema hata yeye hamjui, na kwamba kitu pekee anachojua juu yake baada ya miaka sabini ni hiki hapa, akaipiga ile nguo ndogo kwa kiganja. Tulikuwa tunatoshana, alisema. Mama alikuwa akitupanga mgongo kwa mgongo na kucheka kwa sababu hakuna aliyezidi. Akasema hatakwenda kusimama mbele ya dada yake amemzidi.

Nikakata. Yeye alishika kitambaa kikanyooka, mimi nikapitisha mkasi, na vipande vilivyodondoka sakafuni vilikuwa vingi. Mwenzangu, yule mwoga wa makaburi, ndiye aliyeinama akaviokota kimoja kimoja na kuvikunja. Tulishona kuanzia hapo hadi mwanawe alipokuja kumchukua, bila fundo hata moja.

Mwanawe alijua siku ileile, kwa kuwa Bibi alimwomba picha wakiwa bado garini. Hakunisemesha kwa muda mrefu, na oda ya makoti ikaenda kwa fundi mwingine. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeahidi, na ahadi ni deni, na mimi sikulilipa. Bibi aliendelea kuja. Alikuwa amepunguza kula. Nilimwekea maandazi akayasogeza, nikamgombeza kama ninavyomgombeza mtu wangu, nikamwambia kujinyima hakumshibishi aliyekwisha kufa. Siku hiyo alikula nusu moja kwa ajili yangu.

Alifariki Julai, baridi ilipokuwa kali, usingizini. Mwanawe alinipigia mwenyewe. Sauti haikuwa na hasira tena. Alisema mama ameagiza nimvishe mimi.

Nilikwenda asubuhi kwenye chumba cha maiti kule Midrand na nguo zote mbili mkononi. Mwanamke wa Kizulu anayefanya kazi pale alinipa maji na kunisaidia kumgeuza. Tulimwosha kwa utaratibu ambao mwanawe aliniandikia kwenye karatasi. Soksi ziliingia, vifuko vya mikono viliingia. Koti halikuingia. Tulijaribu kwa mkono wa kulia, tukajaribu kwa wa kushoto, na lilipofika mabegani likagoma. Pamoja na kujinyima kwake kote kwa miezi ile, Bibi alikuwa bado ni mtu aliyekula maisha yake yote, mifupa yake ilikuwa mipana, na wala haikuwa kosa lake. Pande za mbele zilipungua shibiri nzima zisikutane.

Yule mama aliniambia hapa wana njia, wanafanya kila siku, wala hakuna anayejua. Nilimwomba aniachie mwenyewe. Nikatoa mkasi wangu, nikalipasua koti mgongoni kutoka kola hadi chini, kazi ya Jumatano zangu na zake, na nguo ikafunguka. Nikamvisha kwa mbele kama mtu anayemfunika mtoto, nikazikunja ncha chini ya mbavu zake, nikamlaza juu ya ncha hizo. Sketi nayo nikaifanya hivyohivyo. Ukimtazama kwa mbele, kila kitu kilikuwa mahali pake. Nguo ya pacha nikaikunjua, nikailaza ubavuni mwake ndani ya jeneza, bega kwa bega, mkono wa kitambaa juu ya mkono wake.

Nilipotoka, mwanawe alikuwa amesimama kwenye korido na kofia mkononi. Aliniuliza kama nguo imemtosha mama. Nilimwambia imemtosha, na kwamba yeye na dada yake wametoshana.